Pono na chandarua chake

Barua za mwezi huu ni tatu. Mbili zimetoka Pemba kaskazini na Chake, moja kusini. Na mie, kama mnavyojua, ni mwalimu wa baiolojia aliyestaafu, lakini kabla ya chaki nilikuwa mtoto wa mtega madema, kwa hiyo nitajibu kwa vyote viwili.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa hapa Makangale, nazamia usiku kwa tochi kutafuta kamba koche. Mara ya tatu sasa namkuta pono amelala ndani ya kifuko cha ute, kama aliyetiwa kwenye mfuko wa nailoni. Babu anasema huyo ni mgonjwa, tusimle. Wenzangu wanasema kuna jini. Ukweli ni upi?*
*Mzamiaji, Makangale*

Marahaba, mwanangu. Si mgonjwa, na jini hayumo. Huyo amelala chandaruani.

Nilipomuona wa kwanza nilikuwa na miaka kama kumi na sita, na wallahi nilitaka kurudi juu. Amejibana chini ya jiwe, macho wazi (samaki hana kope za kufumba), na pande zote amezungukwa na kitu kama mlenda wa bamia, lakini cheupe na kinapitisha mwanga. Vumbi la mchanga limenasa juu yake, ndo maana kinaonekana. Nikakigusa kwa kidole, kikatikisika chote kama faluda. Yeye kimya.

Ute ule anautoa mwenyewe. Ana tezi ndani ya mashavu, na jioni akishapata pa kulala huutoa kidogo kidogo mpaka umfunike wote. Kazi hiyo humchukua kama saa moja. Si pono wote wanaofanya hivyo. Wako wanaolala hivi hivi, kwa hiyo usishangae ukiona watatu wamejifunika na wa nne yuko mtupu.

Zamani hata wataalamu walidhani kifuko kile ni cha kuficha harufu, mkunga (yule samaki mrefu kama nyoka) asimnuse. Huenda kazi hiyo nayo ipo. Lakini mwaka 2010 watafiti huko Australia, akiwemo Alexandra Grutter wa Chuo Kikuu cha Queensland, walitoa majibu ya jaribio moja zuri sana. Waliwatoa pono kwenye vifuko vyao taratibu bila kuwaamsha, kisha wakawaweka pamoja na wadudu wanaofyonza damu ya samaki. Waliovuliwa kifuko, karibu 95 katika kila 100 walishambuliwa. Waliobaki ndani ya kifuko, 10 tu katika 100. Na gharama yake? Walikadiria pono hutumia kama asilimia 2.5 ya nguvu zake za siku nzima kukitengeneza. Mimi chandarua changu kilinigharimu zaidi.

Wadudu wenyewe kwa jina la kitaalamu ni nathiidi, jamaa wa kaa na kamba, wengi hawazidi punje ya mtama. Wakiwa wachanga hupanda juu ya samaki, hunywa damu, hujaa tumbo, kisha hushuka kujificha chini wakasage chakula na kujivua gamba. Hufanya hivyo mara tatu. Akishakuwa mzima hali tena. Kwa tabia ni kunguni kabisa: anakuja, anakula, anarudi kwenye ufa wa kitanda.

Sasa kwa nini usiku? Kwa sababu mchana yupo wa kuwatoa. Wewe unayezamia unamjua: kisamaki chembamba, hakifiki urefu wa kiganja, buluu, na mstari mweusi toka mdomoni mpaka mkiani. Sisi watoto tulimwita kinyozi. Ana jiwe lake, hahami, na wateja humfuata hapo. Nimewahi kulala kifudifudi juu ya maji pale kisiwani Misali nikimtazama chewa mkubwa ameachama mdomo, mashavu wazi, na kinyozi anaingia huku anatokea kule kama mtoto wa nyumba. Chewa yule angeweza kummeza mara moja. Hammezi. Mkundaji naye akifika hapo hubadilika rangi akawa mwekundu, na wadudu wakaonekana vizuri zaidi. Grutter huyo huyo alihesabu kwamba kinyozi mmoja hula kama wadudu 1,200 kwa siku. Hiyo ni kwenye miamba ya Australia, ila kisamaki ni huyu huyu wetu.

Usimdhanie malaika, lakini. Kinyozi akipewa nafasi ya kuchagua, anapenda ute wa mteja kuliko wadudu. Ute una chakula. Basi mara anang'ata pasipo mdudu, mteja anashtuka, wakati mwengine anamfukuza jiwe zima. Na akijua kuna wateja wengine wanatazama, anakuwa na adabu. Hapo skwambii zaidi, kila mmoja wetu ana fundi wake.

Lililo muhimu ni huo ute wenyewe. Samaki yeyote, si pono tu, amepakwa ute kichwa mpaka mkia, na hautulii: unatoka mpya, wa zamani unachukuliwa na maji pamoja na vijidudu vilivyonasa. Ndani yake kuna kemikali za kuua bakteria na kinga za mwili kama zile zilizomo kwenye damu. Ukimshika samaki kwa mkono mkavu au kwa kitambaa, unamvua hiyo nguo. Baba yangu alikuwa akitoa watoto wa changu kwenye dema anatia mikono majini kwanza. Nilidhani anaosha mikono. Hakuwahi kueleza, na mimi sikuwahi kuuliza.

Mwambie babu pono huyo analiwa. Ila mwenyewe nakuomba, umuache alale. Umefuata kamba koche.

*Assalaam alaykum mwalimu. Nimenunua changu pale Chake, nafungua mdomo kumsafisha, ndani kuna dudu jeupe lenye miguu mingi, limekaa palepale kwenye ulimi, linanitazama. Nimemtupa samaki mzima. Mume wangu kakasirika. Nani ana haki?*
*Muuza urojo, Chake Chake*

Waalaykum salaam, bibie. Mume wako ana haki, ingawa ningekuwa wewe ningemtupa pia, kwa kushtuka.

Huyo ni chawa wa samaki, binamu wa wale nathiidi, lakini huyu harudi chini. Anaingia akiwa mdogo kupitia mashavuni na anakaa kwa miaka. Wote huanza madume. Mmoja anapokua na kukaa mdomoni hugeuka jike. Iko aina moja, upande wa Amerika, inayonyonya damu ya ulimi mpaka ulimi unanyauka, kisha yeye mwenyewe anakaa mahali pake na samaki anaendelea kumtumia kama ulimi. Hapo hakuna ute wala kinyozi atakayesaidia. Samaki kashindwa, na anaishi na mgeni.

Wewe hana la kukufanya, labda akung'ate kidole akiwa hai. Mtoe, osha, pika. Nyama haina tatizo.

Ningekuwa wewe ningeogopa zaidi minyoo myembamba iliyojikunja tumboni. Hao, samaki akikaa na utumbo wake, wanaweza kuhamia kwenye nyama. Kwa hiyo mpasue mapema, na mpike mpaka nyama iachane na mwiba. Ndimu na chumvi peke yake haviwaui, hata ukiviacha mpaka nyama ikawa nyeupe. Kama unampenda mbichi, agandishwe kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, na friji ya nyumbani mara nyingi haifiki hapo.

*Mwalimu, mwamba ukifa, wadudu wa samaki wanapungua au wanaongezeka?*
*Mwanafunzi, Kengeja*

Swali fupi, lina akili. Nathiidi wakishashiba hujificha kwenye mashimo ya kifusi cha matumbawe yaliyokufa. Matumbawe hai hawayapendi, na sababu imeonekana kwenye majaribio ya mwaka 2013 huko Karibiani: tumbawe hai huwala. Lile tunaloliona kama jiwe ni maelfu ya midomo midogo yenye mikono inayouma. Mdudu akitua, analiwa.

Kwa hiyo juya likiburuzwa juu ya mwamba, au baruti ikipigwa, au joto likazidi kama mwaka 1998 matumbawe yakageuka meupe Unguja na Pemba, hatukupoteza nyumba ya samaki tu. Tumepunguza midomo na tumeongeza nyufa. Ukienda Misali na skuli, tafuta sehemu mbili, ya matumbawe hai na ya kifusi, kaa juu ya kila moja robo saa, uhesabu samaki wanaojisugua ubavu kwenye mchanga. Wanajikuna. Niletee hesabu, nitaichapa hapa.