Kuziba mguu baada ya kansa ya ngozi: angalia kwanza unakanyagia wapi

Ukiambiwa kansa ya ngozi mguuni imekatwa na sasa uchague namna ya kuziba tundu lililobaki, anza na swali hili kwa daktari: je, sehemu hiyo inabeba uzito wa mwili? Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nasimama ubaoni kutwa, na kansa yangu ilikuwa chini ya kisigino. Jibu la swali hilo ndilo lililoamua mengine yote.

Aina yangu inaitwa melanoma. Ikitupata sisi watu weusi, mara nyingi hukaa unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, na jua si chanzo chake. Bob Marley ilimwanzia kidoleni mguuni, ikamuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Mtaani kwetu wapo waliosema nimetupiwa karuho, yaani nimerogwa. Doa jeusi linalopanuka unyayoni likatwe kipande kipimwe, maneno ya mtaani yasubiri.

Daktari haondoi doa peke yake. Anakata na ngozi nzima inayolizunguka, sentimita 1 kansa ikiwa nyembamba, hadi 2 ikiwa imezama zaidi. Kwangu lilibaki tundu pana kama kiganja cha mtoto.

Tundu dogo, mahali pasipokanyagia, laweza kuachwa lijae lenyewe kwa kusafishwa na kufungwa wiki nyingi. Njia ya pili ni kubandika ngozi nyembamba iliyotolewa pajani. Upasuaji wake si mrefu, na kansa ikirudi chini yake huonekana mapema. Juu ya mguu ningeichagua bila kusita. Lakini ngozi ya paja haikuumbwa kukanyagia: haina mafuta manene ya kisigino, mara nyingi haisikii vizuri, hupasuka na kufanya sugu. Na sisi tunaishi juu ya mawe ya volkano. Mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto wake katikati ya mji, na hadi leo nyua nyingi ni mawe meusi yenye makali. Kokoto ikiingia kwenye kandambili na kisigino hakisikii, utagundua jioni ukiona damu.

Njia niliyoichagua inatumia ngozi ya katikati ya unyayo, pale panapoinuka pasiguse chini. Daktari alipapasa mapigo ya damu nyuma ya kifundo, akachora kwa kalamu unyayoni, akanieleza kwamba kipande hicho kitazungushwa hadi kisiginoni kikiwa bado kimeshikana na mshipa wake wa damu na wa fahamu. Pale kilipotoka ndipo hubandikwa ngozi ya paja, kwa sababu hapabebi uzito. Ni upasuaji mgumu zaidi, lakini kisigino kinapata ngozi ya aina yake, na leo nikikanyaga jiwe nalisikia. Mwenye kisukari au mvuta sigara aseme mapema, kwa maana damu isipofika vizuri kipande hufa.

Zipo njia nyingine. Ngozi ya shavu la mguu hushushwa kisiginoni ile ya unyayo ikiwa haifai, ila ni nene na viatu vinasumbua. Kuleta kipande kutoka mbali na kuunga mishipa kwa darubini kunahitaji vifaa na timu ambayo haipo kila hospitali, basi uliza waziwazi kabla ya kuuza shamba. Na kama kansa imefika mfupani, kukata mguu kusifanywe neno la mwiko nyumbani. Hapa Goma kituo cha Shirika la Umoja hutengeneza miguu bandia, na watu wanatembea nayo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usizibwe kwa kipande kikubwa kabla jibu la maabara kuhusu kingo za ngozi iliyokatwa halijarudi. Kingo zikiwa bado na kansa, utakatwa tena, na kile kipande kizuri cha unyayo kitakuwa kimeshatumika. Kaka yangu mkubwa aliona tunacheleweshwa, akataka nihamishwe. Nilibaki na kidonda kimefungwa tu hadi karatasi ikafika, na ningefanya hivyo tena. Uliza pia kama tezi za kinena zimepimwa, kwani kuziba tundu hakutibu kansa iliyokwisha kusafiri.

Kabla ya kulazwa, panga maisha ya nyumbani. Mguu hautakanyaga kwa wiki kadhaa na hautakiwi kuning'inia, damu ikituama kipande kinavimba na kuwa bluu. Kwa hiyo pikipiki haifai, tafuta gari hata kama ni ghali. Choo cha kuchuchumaa hutakiweza kwa mguu mmoja: fundi akutobolee kiti cha mbao. Pesa ya magongo, ya kufungwa kidonda na ya mishahara utakayokosa iwekwe kwenye hesabu pamoja na fakitiri (bili) ya upasuaji.

Ukianza kutembea, kila jioni angalia unyayo kwa kioo na upapase kinena. Doa jipya au kinundu kigumu kisichouma visingoje tarehe ya miadi; rudi hospitali kesho yake asubuhi.