Kioo cha kumbukumbu kanisani

SWALI: Shikamoo fundi. Kanisa letu la zamani hapa Mpwapwa tunataka dirisha la rangi la kuwakumbuka wazee wetu. Kuna anayesema atapaka rangi ya mafuta tu. Itadumu? – Katibu wa vijana

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie aweke brashi chini. Niliwahi kufanya hivyo Kongwa, dirisha la magharibi. Jua likaibambua kama ganda la kitunguu, nikarudisha hela za watu. Tafuteni kioo chenye rangi yake: buluu, kwa mfano, ni madini ya kobalti yaliyoyeyushwa humo humo. Vipande hushikwa kwa fito za madini laini ya risasi. Majina huandikwa kwa rangi ya unga wa kioo, kisha huchomwa tanurini, kama nyuzi joto 650 za Selsiasi. Yahakikini kwa ndugu kwanza, yakishachomwa, hayafutiki.