Mtaala gani, mtaala gani! Maswali yenu ya kuandika na gramma

Haya, ya wiki hii ni kutoka kwa wazazi mnaosomesha vijana nyumbani huko Marekani, na mmoja wa Nairobi.

*Mtaala gani wa kuandika ni mzuri kwa mtoto wa miaka 14? (Mama, Houston)*

Mtoto yupi? Anaandika aya moja akachoka au kurasa tatu, kazaliwa hapo au kashuka ndege mwaka jana, hujasema, na kila wiki swali hili linakuja hivihivi mkavu. Kabla hujatoa kadi ya benki mpe kalamu na dakika 30 aandike kitu anachokijua, hiyo karatasi ndo uniulizie.

*Nilinunua IEW, ule mtaala wa kuandika wa Kimarekani, mwanangu sasa anaandika sentensi za ajabu. Nibadilishe? (Baba, Dallas)*

Usibadilishe, kabati lishajaa hilo. Ule mtaala mtoto anasoma aya, anaokota maneno matatu hivi kwa kila sentensi, anafunika kitabu anaandika upya kwa maneno yake, na kwa yule anayekodolea macho karatasi tupu saa nzima ni msaada mkubwa kwa sababu cha kusema keshapewa, kazi yake ni kukisema tu. Tatizo linaanzia kwenye ile orodha ya kutia tiki, neno moja la Kiingereza linaloishia na -ly, kitenzi chenye nguvu kimoja, mtoto anachomekea popote ili amalize akacheze. Wangu aliandika chura kakaa *magnificently*, yaani kwa fahari kuu, kwenye matope na mimi nikampa tiki! Kosa langu, nilikuwa nahesabu, sisomi. Siku hizi ananisomea kwa sauti, akicheka mwenyewe anafuta. Na wewe kaa usikilize baba, sio umtupie video uende kazini halafu umlaumu mtaala.

*Binti yangu ana 15, ametoka Tanzania mwaka jana, gramma inamshinda. Nimuanzishie kitabu cha darasa la tatu?*

Dada, usimdhalilishe mtoto. Makosa yake sio ya mtoto mdogo, ni ya mtu mwenye lugha nyingine kichwani. Akiandika *he told me that I go* hiyo ni "aliniambia niende" imevalishwa suti. *He* na *she* zinamchanganya kwa sababu "yeye" yetu haiulizi mume wala mke, na *a* na *the* zinadondoka njiani kwa sababu hatuna vitu hivyo. Kitabu cha darasa la tatu kimeandikiwa mtoto aliyeshazisikia zote toka kwa mama yake, kitamzungusha na nomino na vitenzi ambavyo alishavijua tangu shule ya msingi kwa Kiswahili. Mfungulie daftari, kila kosa linalojirudia ukurasa wake, mifano itoke kwenye insha zake mwenyewe. Wiki mbili sahihisha *a* na *the* tu, mengine fumba macho, maana karatasi ikirudi imejaa wino mwekundu hataandika tena. Na kuna wanaowashauri muache Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kikae. Upuuzi! Aliyezoea kusimulia kisa vizuri kwa Kiswahili ana cha kuandika, mnamnyima hicho halafu mnakwenda kukinunua kwa dola.

*Texas wanalazimisha gramma kweli?*

Ndiyo. Kusoma, spelingi, gramma, hesabu na uraia mwema. Kitabu hawakuchagulii wala mtihani hawadai, ila kama alikuwa shule ya serikali peleka barua ya kumtoa kwanza, msije kuanza kupigiwa simu za utoro. Mlioko New York hii haiwahusu, nyie ripoti kila robo mwaka, na nimeshalisema hili mara ngapi sijui.

*SAT, ule mtihani wa kuombea chuo Marekani, si waliondoa insha, basi tukazanie gramma tu?*

Waliondoa 2021, kweli, yamebaki maswali ya kuchagua, 54 kwa dakika 64 pamoja na ya kusoma. Lakini kuna mtu anatikisa nazi anajua hii mbovu, na wali wa nazi hawezi kupika. Chuoni mwaka wa kwanza anaambiwa apike.

*Wangu ana 16, atafanya IGCSE First Language English, mtihani wa sekondari wa Cambridge, kama mtahiniwa binafsi. Ninunue mtaala wa Kimarekani? (Mama, Nairobi)*

Wa nini? Karatasi ya pili ni masaa mawili, kuna maandishi ya kujibu matini aliyopewa na insha ya maneno 350 hadi 450. Chukua mitihani iliyopita, saa mezani, kila Ijumaa. Spelingi achague moja, ya Uingereza au ya Marekani, asichanganye.

*ChatGPT ikisahihisha mimi si naweza kupumzika?*

Hapana. Juzi mmoja wa miaka 13 kaniletea insha ina semikoloni sita, zote mahali pake. Nikamuuliza hii inafanya kazi gani hapa, akaiangaliaaa, akasema ni koma iliyopandishwa cheo.