Jibu: Kwa nini nihangaike na uchambuzi wakati matokeo yapo?

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu ajisumbue kuchambua mechi za sataranji (chesi) za kompyuta wakati jedwali la matokeo linaonyesha nani mkali. Chukua Deep Blue, kompyuta ya IBM, na Kasparov, bingwa wa dunia, New York, Mei 1997. Mechi ya pili jedwali linasema kompyuta imeshinda, basi. Lakini Kasparov alisalimu amri baada ya hatua ya 45, na walioirudia mechi ile wakaona malkia mweusi, wa Kasparov, akiingia mraba wa e3 kuna njia ya sare: anamwandama mfalme mweupe, wa kompyuta, kwa shaha (vitisho vya moja kwa moja kwa mfalme) zisizokwisha. Jedwali halikuambii hilo, wala halikuambii kwamba mtu alikata tamaa mapema.

Sikatai, matokeo yana kazi yake. Ukitaka kujua programu ipi ina nguvu, chezesha mechi nyingi uhesabu. AlphaZero ilipoikabili Stockfish, zote programu za sataranji, mwaka 2017 ilishinda mechi 28, sare 72, haikupoteza hata moja. Sawa, lakini kilichotutoa macho ni kuiona ikitoa kete kafara bila haraka ya kuzirudisha, huku kete za mwenzake zimebanwa hazina pa kwenda. Hayo utayaona ukipanga ubao, kete moja moja. Injini, yaani programu ya kukuchambulia, iwashe baadaye.