Lala Lamu kwanza, ndipo upande jahazi

Kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini mashariki, imeingia na simu yangu hailali. Wanaoniandikia ni wale wale wa kila msimu: mume na mke wanataka kupanda jahazi siku mbili tatu, au meli kubwa kule Mombasa, na hawajui siku ya kabla yake waifanyeje. Waliouliza bei wanisamehe. Bei ya jahazi huzaliwa asubuhi ikafa jioni. Patana na nahodha mwenyewe, na umwulize kama maji ya kunywa, chakula na ada za hifadhi zimo ndani ya hiyo bei.

Maalim, shikamoo. Mimi na mke wangu tunatua Manda Ijumaa adhuhuri, na jahazi letu la kwenda kisiwa cha Kiwayu linaondoka Jumamosi alfajiri. Usiku mmoja unatosha? Tulale Shela au mjini? (Nairobi)

Marahaba. Unatosha kwa usingizi, kwa Lamu hautoshi. Mkiweza kuomba ruhusa ya Alhamisi, ombeni. Ijumaa adhuhuri mtavuka kutoka kisiwa cha Manda, uliko uwanja wa ndege, mkute nusu ya maduka yamefungwa, watu wako msikitini, na nyinyi mko njiani na mabegi mkimtafuta mwenye ufunguo.

Mkija Alhamisi, usiku wa kwanza laleni Shela, wa pili mjini. Shela ina ufuo wa mchanga wa kilomita 12 hivi, na mtu aliyetoka kwenye foleni za Nairobi anahitaji kuutembea mpaka miguu imkatae. Lakini Shela iko kilomita 3 kutoka gati la mjini, na maji yakijaa hufunika sehemu ya njia ya ufuoni. Sijui ni wangapi niliowaona wakifika gatini alfajiri na suruali zimelowa hadi magotini kwa sababu walidhani watatembea tu. Usiku wa mwisho uwe mahali ambapo nahodha akipiga simu mnashuka ngazi na kufika.

Mjini ombeni chumba cha juu. Nyumba zetu za mawe chini ni za giza na baridi, nzuri adhuhuri, ila usiku upepo uko darini. Kabla hamjapanda, simameni kidogo kwenye daka, lile baraza la mlangoni: mgeni asiyekuwa wa ndani alikuwa akiishia hapo, anakunywa kahawa yake anakwenda zake. Mle ndani angalieni zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Adhana ya alfajiri itawaamsha mpende msipende, kwa hiyo msihangaike na kengele ya simu.

Jioni ni ya Usita wa Mui, njia yetu kuu. Anzeni Langoni mwende Mkomani. Ni nyembamba, na punda mwenye mzigo wa mawe hana breki, ukisikia "sameheni!" nyuma yako, jibane ukutani, bibi kwanza. Ngome ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, na hadi 1984 ilikuwa jela. Leo mnaingia kwa tiketi na kutoka mtakapo. Mbele yake pale Mkunguni wazee wapo. Kaeni nao kidogo hata kama mchezo wao hamuuelewi.

Kuhusu Kiwayu yenyewe: ni karibu kilomita 50 kaskazini mashariki, na kaskazi hii itawavuma usoni. Nahodha itambidi abishe, aende huku arudi kule, na safari itarefuka. Raha yenu iko kwenye kurudi. Chombo kikiwa hakina mashine, msikate tiketi ya ndege ya siku ile ile mnayoshuka. Na kwa kuwa huko ni kuelekea mpaka wa Somalia, waulizeni mwenyeji wenu na polisi hali ikoje kabla ya kutoa pesa. Msione haya. Sisi wenyewe tunauliza.

Tunatoka Mombasa kwa basi la asubuhi. Jahazi ni saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Tutawahi? (Mombasa)

Pengine. Mwaka niliooa nami nilisema "tutawahi". Tulikuwa tunakwenda harusini Faza, mke wangu amebeba sanduku la sahani za zawadi. Gurudumu likapasuka tumeshapita Witu. Spea ilikuwepo, jeki haikuwepo. Tulipofika Mokowe, gati la upande wa bara, na kuvuka, mtu mmoja gatini akatuonyesha tanga letu kwa kidole: limebaki dogo kama ukucha, linapinda kona ya Manda. Mke wangu akakaa juu ya sanduku lake asiseme kitu. Mpaka leo nikisema "tutawahi" ananitazama vile vile.

Barabara ya Garsen siku hizi ni ya lami, nashukuru, lakini vizuizi vya ukaguzi vipo (vitambulisho viwe mfukoni, si ndani ya begi lililofungwa juu), na Mokowe nako kuna kusubiri boti lijae.

Mnaonaje mkigawanya safari? Tokeni Mombasa mapema siku moja kabla, mlale Malindi. Njiani shukeni Gede, kilomita kama 16 kabla ya Malindi. Ni mji wa mawe uliohamwa karne ya 17, mibuyu imeota katikati ya kuta na kima wanacheza juu ya misikiti. Litafuteni kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Jioni nendeni kwenye mnara wa Vasco da Gama, yule Mreno aliyefika Malindi 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Penye mnara upepo ni mzuri kuliko historia yenyewe. Kesho yake pandeni basi la asubuhi, mlale Lamu, na jahazi liwe la siku ya tatu. Najua mliniuliza kuhusu siku moja nami nimewapa tatu.

Nahodha wetu alituandikia "tutaondoka 11". Sasa anasema saa nne. Anatuchezea? (Thika)

Hawachezei, lakini mna makosa mawili kwa pamoja. La kwanza ni hiyo "11". Nyinyi mmesoma saa tano ya asubuhi, kwa sababu ndivyo simu inavyoandika. Yeye ameandika saa kumi na moja ya alfajiri, kwa sababu ndivyo mama yake alivyomfundisha kuhesabu saa. Mwombeni aandike kwa maneno, na aongeze "alfajiri" au "asubuhi". Kwa hesabu yangu, kukosekana kwa neno hilo moja kumeachisha watu vyombo kuliko mawimbi.

La pili ni maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunakuwa na bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na kwetu kilele cha kujaa huangukia kiasi cha saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na kujaa husogea hadi saa nne, saa tano. Mkiahirisha safari kwa siku chache, saa ya kuondoka nayo huhama. Nahodha aliyewapa saa mwezi mmoja kabla bila kutazama mwezi ndiye wa kutiliwa shaka.

Hesabu hiyo hiyo itawasaidia siku ya mapumziko. Mkitaka kwenda magofu ya Takwa kule Manda, hori lenye mikoko huingilika maji yakiwa yamejaa tu. Siku ya bamvua ingieni saa tisa alasiri, mwone msikiti na kaburi la mnara, mtoke maji yakiwa bado juu. Nawajua maarusi waliozama kwenye kupiga picha. Maji yakatoka, mashua ikakaa kwenye tope ikiinamia ubavu, na wao wakakaa na mbu hadi maji yalipokumbuka kurudi. Walikuwa na chupa moja ya maji na paketi ya biskuti. Bwana harusi aliniambia biskuti zilikuwa kumi na nne.

Mke wangu hutapika hata kwenye feri ya Likoni. Nimlazimishe? (Voi)

Usimlazimishe, mjaribu. Siku moja kabla ya safari kodini mashua ndogo hadi Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi upande wa pili wa kisiwa. Maji ya ndani, nyuma ya visiwa, ni matulivu. Mawimbi yako nje, bahari kuu. Ataona mbavu za jahazi jipya, ataona fundi akitia pamba kwenye maungio kwa patasi na nyundo, na wewe utaona rangi ya uso wake. Akirudi anacheka, pandeni. Akirudi kijani, mwambie nahodha awazungushe ndani kwa ndani.

Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda, si baada ya kutapika. Amwulize mfamasia, hasa akiwa mjamzito. Usiku ule asile biriani. Mkate wa mofa, samaki kidogo, chai ya tangawizi, alale mapema. Chomboni akae katikati, atazame mbali, aiache simu.

Sisi ni wa Malindi. Tumelipia meli ya kitalii inayoondokea Kilindini. Ni lazima tulale Mombasa, na nyumbani ni kilomita 120 tu? (Malindi)

Laleni. Hizo kilomita 120 zina Kilifi, zina Mtwapa na zina Nyali ndani yake, na nyinyi ni wenyeji, mnazijua kuliko mimi. Jahazi likikuona unakimbia gatini huenda likageuka, meli haigeuki. Hufunga mlango wa abiria mapema kabla ya saa ya kung'oa nanga, na saa hiyo imeandikwa kwenye tiketi zenu kwa herufi ndogo.

Tena mtapata jioni ya bure. Mchana Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, kisha vichochoro vya Mji wa Kale. Jua likipoa nendeni bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Nunueni mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na madafu, mkae ukingoni. Meli za Kilindini hupita pale karibu mno, mpaka unasoma jina ubavuni. Mkibahatika, mtaiona yenu ikiingia.

Asubuhi, dawa, paspoti na nguo moja ya kubadilisha viwe mkobani. Masanduku makubwa huchukuliwa bandarini na huweza kuwafikia chumbani jioni.

Mabegi makubwa tuyaache wapi tukiwa jahazini? (Nakuru)

Kwa mwenye nyumba mliyolala. Ndiyo sababu nyingine ya kulala. Begi la magurudumu halina kazi kwenye jahazi, wala kwenye njia za Lamu.

Tunaruhusiwa kushikana mikono njiani? (Eldoret)

Kushikana mikono, hakuna atakayewauliza. Mabusu yawekeni ya darini. Mavazi ya ufuoni yabaki ufuoni. Mjini funikeni mabega na magoti. Na mkija Ramadhani mchana msile wala kunywa mbele za watu, lakini jioni yake mtafuturishwa na watu wasiowajua.

Maalim, mimi ni wa hapa hapa Langoni. Mume wangu ni baharia. Nimemwomba tulale nje usiku mmoja kisha anipandishe jahazi kama wageni, anasema kulipa ili ukae kwenye chombo ni wazimu. (Lamu)

Mwanangu, ana haki kidogo. Anapanda kila siku na kulipwa. Lakini mwulize mara ya mwisho alipokaa chomboni bila kushika kamba ilikuwa lini.

Fanya hivi. Mwambie jahazi hutaki. Omba usiku mmoja Shela, kilomita 3 tu kutoka mlangoni kwenu, simu zizimwe, watoto waende kwa bibi yao. Asubuhi mwenzake mmoja awapitie na mashua awarudishe mjini kwa kuzunguka Manda, na wewe ukae mbele. Tanga likiguna tu, atainuka kulishika. Mkalishe.