Daftari lako la michoro: onyesha mazoezi, usingoje picha ikamilike

Mdogo wangu wa Malindi, umeuliza uanze lini kuonyesha michoro yako kwenye makundi ya wachoraji mtandaoni, maana madaftari yamejaa penseli na kila ukitazama kazi za wenzio unaziona zimekamilika, basi unafunga simu. Anza sasa, na uonyeshe mazoezi yenyewe. Mimi nachora hapa Lamu, na mkono wangu ulianza kufunguka nilipoacha kubandika picha safi peke yake nikaanza kubandika kurasa za kujifunzia.

Picha iliyokamilika watu huisifu tu. "Mashaallah", "kazi nzuri", wanapita. Si kwamba hawajali, ni kwamba hawana pa kukushika mkono. Ukurasa wenye mistari iliyorudiwa na kufutwa unamwonyesha mzoefu pale unapokwama.

Chukua jahazi. Wengi wanaochora kwa kukumbuka huusimamisha mlingoti wima, lakini mlingoti wa vyombo vyetu huinamia mbele, kuelekea omo, na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, hukaa mshazari, ncha ya chini mbele, ya juu nyuma. Hapo pembeni mwa gati nilijaza ukurasa mzima mlingoti na foromali tu, bila chombo chenyewe, bila maji, bila mawingu. Nikaubandika na kuandika chini: "Pembe kati ya viwili hivi inanisumbua. Nitazame nini kwanza?" Aliyenijibu si mchoraji, ni mtu aliyekulia vyomboni. Akasema niziache mbao, nitazame jarari, ile kamba inayopandishia foromali, kwa sababu pale inapoishika ndipo uzito wote unaponing'inia. Nikarudi gatini, nikaanza na kamba, foromali ikafuata, tanga likajaa upepo. Maelezo yale singeyapata kwa kubandika jahazi lililopakwa rangi machweo.

Kwa hiyo kila ukurasa uende na swali moja, na liwe swali la mchoro. "Mnaonaje?" haitoshi. Uliza kuhusu kivuli ndani ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani, au mtaa mwembamba unavyojifinya kati ya nyumba mbili za mawe, au kama mfaa wa mlango, ule mti wa katikati, umejitokeza mbele ya mbao zake. Taja pia ulichotumia, na kama ulichora mahali penyewe au kutoka kwenye picha ya simu.

Hilo la mwisho nalishikilia sana. Urban Sketchers, jumuiya iliyoanzishwa na Gabriel Campanario mwaka 2007, wana kanuni ya kuchora papo hapo, kwa kukitazama kitu chenyewe, na kusema kweli kuhusu walichokiona. Kwa mji kama wetu kanuni hiyo ni kinga. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na picha zake zimetapakaa: punda, mlango wa nakshi, jahazi. Ukichora kutoka humo utachora jicho la mgeni. Ukikaa barazani asubuhi utaona chokaa imebanduka na jiwe la matumbawe limechomoza, utaona ncha za boriti za mkoko zilivyopishana urefu. Hayo ndiyo wenzako wa Brazil au Japani hawajapata kuyaona, nao watakuuliza.

Kuhusu changamoto za kila siku, kama Inktober ya Jake Parker iliyoanza mwaka 2009, mchoro wa wino kila siku ya Oktoba: ni nzuri kwa kujijengea mazoea, lakini kwa anayeanza naona afadhali mara moja kwa wiki, na kanuni zake zenyewe zinaruhusu. Ukikimbizana na tarehe utachora ili ubandike.

Sura za watu, tafadhali, kuwa mwangalifu. Huku pwani tunajuana. Usimbandike mama wa watu aliyekaa zake kibarazani bila kumwomba ruhusa, na akikubali kuchorwa, muulize tena kama anakubali kuonyeshwa, hayo ni mambo mawili. Wapo wazee wetu wasioridhia taswira ya kiumbe chenye roho kwa sababu za dini, na wanastahili heshima. Kazi haitakuishia: kuna majengo, kuna vyombo, kuna vifaa vya mafundi wanaounda majahazi kule Matondoni.

Kupiga picha ukurasa: kivulini karibu na dirisha, daftari limelala, simu sambamba nalo, flashi imezimwa. Juani penseli hung'aa na kivuli ulichokihangaikia hupotea. Usiongeze vichujio.

Na kabla hujaomba, toa. Ingia kwenye michoro ya wenzako useme kitu mahususi ulichokiona, "paa hili na ukuta vina giza sawa, vimeshikana", hata kama unajiona mdogo. Jicho hukua kwa kutazama kazi za wengine, na watu humjibu anayewajibu. Wenye maneno ya kuvunja moyo wapo, usibishane nao.

Kwa kuwa uko Malindi, ningekuanzishia lile kaburi la mnara kando ya Msikiti wa Juma. Kaa nje, upande wa barabara. Lichore asubuhi, kisha alasiri ukae palepale ulichore tena, bila kusahihisha la kwanza. Bandika kurasa zote mbili pamoja na uulize hili tu: katika mchoro upi kivuli kinauonyesha unene wa mnara, na katika upi unaonekana bapa? Nitaje jina ukibandika, nipate taarifa nije kutazama.