Kulala na Kula Katika Hoteli ya Mji Mdogo wa Ireland: Maswali na Majibu

Maswali mengi ya safari hii yametoka kwa wasomaji wenye watoto au ndugu wanaofanya kazi Dublin, ambao wangependa kwenda kupumzika siku chache katika mji mdogo. Katika majibu yangu nimechukua mfano wa Westport, mji wa kaunti ya Mayo upande wa magharibi, kwa sababu treni kutoka stesheni ya Heuston mjini Dublin hufika huko moja kwa moja.

Mwanangu anasema tulale katika hoteli ya mjini inayoendeshwa na familia. Ina ubora gani kuliko hoteli kubwa ya Dublin? (Msomaji, Arusha)

Ubora wake ni kwamba hoteli ya aina hiyo ni baraza la mji kabla ya kuwa mahali pa kulala wageni. Harusi hufanyika humo, watoto waliopokea komunyo ya kwanza hupelekwa humo na wazazi wao kula chakula cha mchana, na baada ya maziko wafiwa hukaribisha watu humo kwa supu, sandwichi na chai. Kwa hiyo mgeni anayeketi sebuleni karibu na moto hayupo miongoni mwa watalii wenzake tu, bali yupo kati ya wenyeji waliokuja kwa shughuli zao. Atakayekaa karibu naye huenda akamsalimu, akazungumzia mvua, kisha akamuuliza ametoka wapi. Nakusihi ulijibu swali hilo kwa ukamilifu, kwa maana kwa kawaida huulizwa kwa nia njema, na mazungumzo huanzia hapo. Chai haitakuwa ngeni kwako: Waireland ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa chai duniani, na kampuni ya Barry's ya Cork, iliyoanza mwaka 1901, huchanganya majani yanayotoka Kenya na Rwanda pamoja na ya Assam. Wao huinywa nzito, na maziwa huongezwa kikombeni.

Sisi ni Waislamu. Je, tutapata cha kula asubuhi? (Msomaji, Mombasa)

Mtapata, lakini ni lazima mfahamu kilichomo sahanini. Kifungua kinywa kamili cha Kiireland huwa na vipande vya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, soseji ambazo nazo kwa kawaida ni za nguruwe, mayai, nyanya, uyoga, na vipande viwili vya mviringo vilivyokaangwa, kimoja cheusi na kingine cheupe. Kile cheusi hutengenezwa kwa damu ya nguruwe iliyochanganywa na nafaka. Cheupe hakina damu, ila nyama na mafuta yake ni ya nguruwe vilevile. Sheria huitaka hoteli iandike aina 14 za vyakula vinavyoweza kuleta mzio, lakini nguruwe hayumo katika orodha hiyo, kwa hiyo msitegemee maandishi. Mwambieni mhudumu usiku uliotangulia, naye ataiarifu jikoni, mkaangiwe mayai katika kikaango safi. Kuna pia uji wa shayiri, samaki wa kukaushwa kwa moshi katika hoteli nyingi, na mkate wa kahawia usiotiwa hamira, unaoumuliwa kwa magadi ya mapishi na maziwa ya mtindi. Mkate huo ukiwa bado na joto, ukapakwa siagi ya huko, ni chakula ambacho mimi binafsi ningekichagua kuliko vyote vilivyo mezani.

Kwa nyama ya halali, ulizeni mapema wakati wa kuweka nafasi, kwa kuwa hoteli ndogo haiwi nayo kila siku. Na katika reli hiyohiyo ya Westport mtapita Ballyhaunis, mji mdogo ambao uchinjaji wa halali ulianza miaka ya 1970 na msikiti wake ukajengwa mwaka 1987.

Chakula cha jioni huandaliwa hadi saa ngapi? (Msomaji, Kampala)

Jiko la hoteli ya mji mdogo mara nyingi hufungwa yapata saa tatu usiku, hata kama baa itaendelea. Wageni wengi hukosea mwezi wa Juni, kwa kuwa jua la Westport huzama baada ya saa nne usiku, nao hutembea ufukweni wakidhani bado ni alasiri. Ikiwa ni Jumapili, nashauri mle mlo mkubwa mchana, wakati nyama ya kuokwa inapokatwa mbele ya mteja na kuwekewa viazi vya kuponda, viazi vya kuokwa, karoti na mchuzi. Jioni supu nzito ya samaki na mkate itatosha.

Je, watoto wanaruhusiwa kukaa baani tunapokula? (Msomaji, Nairobi)

Ndiyo. Mtoto wa chini ya miaka 15 anaruhusiwa akiwa na mzazi au mlezi hadi saa tatu usiku, na kuanzia Mei hadi Septemba hadi saa nne. Moshi hautawasumbua, kwani uvutaji sigara ndani ya baa na hoteli ulipigwa marufuku mwaka 2004.

Kuna siku za kuepuka? (Msomaji, Muscat)

Jumapili ya mwisho ya Julai maelfu ya mahujaji Wakatoliki hupanda mlima Croagh Patrick, wenye urefu wa mita 764, ulio karibu na Westport, na vyumba hujaa. Ijumaa na Jumamosi, ulizeni kama kuna harusi. Ikiwepo, ombeni chumba kilicho mbali na ukumbi, kwa maana muziki huendelea hadi usiku wa manane.

Viza ya Schengen inatosha? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Ireland haimo katika Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na Mtanzania huomba viza ya Ireland yenyewe.

Bahashishi ni lazima? (Msomaji, Kigali)

Si lazima. Mkihudumiwa mezani vizuri, asilimia 10 ni shukrani ya kutosha, lakini kwanza someni bili, kwani kwa kundi kubwa ada ya huduma huenda imekwisha kujumlishwa. Kinywaji kinachochukuliwa kaunta hakidai kitu.